Farasi Mkorofi, au Bwana Asiyejua?

Farasi ni mnyama wa fahari. Wafalme walimpanda, majemadari walimtegemea vitani, na hata leo katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani askari polisi huongoza umati wa watu wakiwa juu ya mgongo wake. Katika Afrika ya Mashariki mnyama huyu ni adimu. Mbung'o ni adui yake, na uko ugonjwa mwingine mkali wa farasi uenezwao na usubi, ambao umewazuia watu wa sehemu nyingi za Afrika kumfuga kama wafugavyo ng'ombe na punda. Kwa hiyo askari wengi na jamaa zao humjua farasi kwa picha tu, au kwa kumwona katika gwaride, au, kwa wale waliofika Nairobi, katika uwanja wa mashindano wa Ngong uliofunguliwa mwaka 1954.

Hata hivyo, liko swali moja linalowasumbua wenye farasi huko mbali, ambalo linafaa kufikiriwa katika kila nyumba yenye mnyama, awe mbwa wa ulinzi, ng'ombe wa maziwa au punda wa mizigo. Uingereza, na katika nchi nyingine ambako watu wa kawaida hununua farasi kwa ajili ya kujifurahisha, mabishano haya ni ya muda mrefu: farasi apigapo mateke, aumapo, amwangushapo mpandaji au akimbiapo asizuilike, kosa ni la nani? Je, ni farasi aliyezaliwa na tabia mbaya, au ni bwana wake asiyejua kumfuga?

Zamani swali hili halikuwa na uzito kama leo. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 farasi alikuwa mnyama wa kazi. Alivuta plau, mikokoteni na magari ya abiria, naye alitunzwa na watu waliolelewa karibu na zizi. Kijana alianza kwa kufagia samadi na kuchota maji, akawa saisi, na baada ya miaka mingi ndipo alipokabidhiwa farasi wa kumfundisha. Motokaa na trekta zilipoichukua kazi ya farasi, mlolongo huo wa kurithishana elimu ulikatika mahali pengi. Leo mnunuzi wa farasi huenda akawa karani, mwalimu au daktari wa mjini, mtu mwema mwenye fedha na mapenzi, lakini ambaye wazazi wake hawakupata hata kumshika farasi hatamu.

Mfano ulio wa kawaida ni huu. Baba mmoja mwenye kazi ya ofisini ana binti wa miaka 12 apendaye farasi. Binti amejifunza kupanda kwa miezi michache, akiwa juu ya farasi mzee, mpole, aliyezoea watoto. Baba anawaza moyoni mwake: kwa nini kulipa ada kila wiki, si afadhali kununua farasi wetu wenyewe? Anamchagua farasi kijana wa miaka 4, kwa kuwa ni mzuri wa sura na bei yake ni nafuu. Tena anaona kuwa mtoto na farasi watakua pamoja na kufundishana. Mwezi wa kwanza mambo ni mema. Mwezi wa pili farasi anakataa kushikwa malishoni. Mwezi wa tatu anamsukuma binti kwa bega na kumkanyaga. Mwezi wa nne anamwangusha chini, na mtoto anavunjika mkono. Hapo baba anatangaza kwa majirani kuwa ameuziwa farasi mkorofi.

Mjuzi wa farasi akiitwa kutazama jambo kama hilo, hatoi hukumu upesi. Huanza kwa kuuliza maswali matatu: mnyama huyu anakula nini, anaumwa wapi, na amefundishwa nini pasipo kukusudiwa?

Swali la kwanza ni la tumbo. Farasi ameumbwa ale majani kidogo kidogo kwa muda mrefu. Akiwa huru malishoni hutumia hata saa 16 kwa siku katika kula. Tumbo lake ni dogo likilinganishwa na mwili wake, ambao mara nyingi hufikia kilo 500, tena hawezi kutapika. Mwenye farasi mgeni, kwa mapenzi yake, humfungia bandani na kumpa nafaka kwa wingi, kama kwamba mnyama huyo anavuta mkokoteni kutwa. Kumbe kazi yake ni saa moja tu ya matembezi jioni. Anapotolewa nje amejaa nguvu kama chupa ya soda iliyotikiswa, na mtoto anayemfungulia mlango ndiye anayepata dhara.

Nafaka na unene huleta msiba mwingine. Uko ugonjwa wa kwato ambamo nyama laini inayoushika mfupa ndani ya ukwato huvimba, na ugonjwa ukizidi mfupa wenyewe hulegea na kugeuka mahali pake. Farasi husimama ameegemea nyuma ili kuipumzisha miguu ya mbele, na kila hatua kwake ni kama kukanyaga misumari. Mjuzi huitambua dalili hiyo akiwa mbali, akamwita daktari wa mifugo siku iyo hiyo. Mgeni husema farasi amekuwa mvivu, akachukua mjeledi.

Halikadhalika wako farasi ambao huuma ubao wa mlango na kuvuta hewa kooni kwa kishindo, na wengine huyumba kushoto na kulia mchana kutwa. Zamani mambo hayo yaliitwa maovu ya bandani, na farasi alifungwa ukanda shingoni ili aache. Siku hizi madaktari wa mifugo huyatazama kama dalili za maisha yasiyomfaa mnyama: kufungiwa mno, kupunguziwa majani na kutengwa na wenzake. Farasi ni mnyama wa kundi. Kumweka peke yake ni sawa na kumfunga askari katika chumba cha upweke, kisha kumlaumu kwa kuzungumza na ukuta.

Swali la pili ni la maumivu. Meno ya farasi huendelea kujitokeza katika ufizi kwa miaka mingi, na yanapotafuna hufanya kingo kali zinazoweza kukata mashavu na ulimi. Kwa hiyo hutakiwa kukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka. Kwato zake huhitaji kuchongwa kila baada ya wiki 6 hadi 8. Tandiko lililomfaa mwaka jana huenda likambana mwaka huu, hasa akiwa kijana ambaye mwili wake bado unakua. Farasi hana maneno ya kumwambia bwana wake kuwa mgongo unamwuma. Hurudisha masikio nyuma, hupunga mkia kwa hasira, hutaka kuuma mkanda unapokazwa. Asiposikilizwa kwa ishara hizo ndogo, hutafuta ishara kubwa, akaruka na kumtupa mpandaji. Mgeni huiona ishara ya mwisho tu, kwa kuwa zile za kwanza hakufundishwa kuzisoma.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo linahusu mafunzo. Farasi hufundishwa kwa kusukumwa kidogo na kuachiliwa. Mpandaji huvuta hatamu, naye farasi akisikia lijamu, yaani kile chuma cha kinywani, husimama. Papo hapo hatamu hulegezwa. Kule kulegezwa ndiko kunakomwambia farasi kuwa ametenda lililotakiwa. Mpandaji mgeni, kwa kuogopa kuanguka, huning'inia katika hatamu wakati wote. Farasi amesimama, bado anavutwa. Anakwenda, bado anavutwa. Baada ya miezi michache kinywa chake hufa ganzi, naye huacha kuitii hatamu. Bwana wake hununua chuma kikali zaidi, na mateso huanza upya.

Au hutokea kinyume chake. Farasi hutupa kichwa juu kwa nguvu, mpandaji hushtuka na kuachia hatamu. Bila kujua, amempa farasi somo: ukitaka raha, tupa kichwa. Farasi humsukuma mtoto kwa bega, mtoto hurudi nyuma hatua tatu. Hilo nalo ni somo. Kila amshikaye farasi kamba ni mwalimu, apende asipende. Mafundisho hayana likizo, na mwanafunzi huyu ana kumbukumbu ndefu. Wahenga walisema kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na maneno hayo hayakuachia zizini.

Kisha liko jambo la hofu. Farasi ni mnyama awindwaye, na macho yake, yaliyo kandoni mwa kichwa, huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso. Usalama wake hutegemea kutambua upesi kama mwenzake ameogopa. Mjini Berlin, mwaka 1904, ulimwengu ulistaajabishwa na farasi aitwaye Hans, mali ya Wilhelm von Osten, aliyedhaniwa kuwa anajua hesabu. Akiulizwa jumla ya namba alipiga ukwato chini mara zinazotakiwa, akaacha. Mtaalamu Oskar Pfungst alimchunguza, na katika mwaka 1907 akaeleza siri yake. Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alimtazama aliyemwuliza, na jibu sahihi lilipofika, mtu huyo bila kujitambua alitikisa kichwa au kulegeza mwili kidogo sana, naye Hans akaacha kupiga. Asipomwona mtu ajuaye jibu, Hans alikosea.

Mnyama awezaye kusoma mtikiso mdogo namna hiyo, hawezi kudanganywa na mpandaji anayejifanya shujaa huku magoti yanatetemeka. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2009, watafiti wa Sweden waliwaambia watu waliokuwa wakiongoza au kupanda farasi kuwa, watakapopita mara ya nne, mwavuli utafunguliwa ghafla kando ya njia. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini watu walipokuwa wakiungojea mioyo yao ilipiga haraka zaidi, na mioyo ya farasi, wasioambiwa lolote, ilipiga haraka vilevile. Hofu ilipita kutoka kwa mtu kwenda kwa mnyama pasipo neno kusemwa.

Jambo hili lilijulikana kwa wapiganaji wa kale. Xenophon, kamanda wa Kiyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kitabu juu ya upandaji farasi ambamo anaonya kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira. Anaeleza pia kuwa farasi akiogopa kitu, kumpiga huongeza hofu yake, kwa sababu mnyama hudhani kuwa maumivu yale yametoka katika kile kitu anachokiogopa. Hayo yaliandikwa kwa ajili ya askari, na karne zaidi ya 23 zimepita bila kuyafuta.

Majeshi yaliyoyasahau yaliadhibiwa vikali. Katika vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika ya Kusini, mwaka 1899 hadi 1902, jeshi la Uingereza lilipoteza farasi zaidi ya 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa uchovu, njaa na maradhi. Walisafirishwa baharini kwa majuma mengi, wakashushwa bandarini, wakapakiwa katika magari moshi na kupelekwa mbele kabla ya kupumzika vya kutosha wala kuyazoea majani na hali ya nchi. Huko walikabidhiwa kwa askari ambao wengi wao waliandikishwa kwa haraka, wasiojua kumtunza farasi wala kujua wakati wa kushuka na kutembea kwa miguu ili mnyama apumue. Mwaka 1905 sanamu ya kuwakumbuka farasi hao ilisimamishwa Port Elizabeth, mji ambao tangu mwaka 2021 huitwa Gqeberha. Inamwonyesha askari amepiga goti mbele ya farasi wake, amemshikia ndoo ya maji. Ni sanamu nzuri, lakini ndoo hiyo ilifika baada ya farasi kwisha.

Ndiyo maana vikosi vya farasi vyenye busara vilishika kanuni moja: kuruta hupewa farasi mzee, na farasi mchanga hupewa askari mkongwe. Wawili wasiojua hawafungwi pamoja, kwa maana hapatakuwa na wa kumfundisha mwenziwe. Yule baba wa ofisini, kwa kumnunulia binti yake farasi wa miaka 4, aliivunja kanuni hiyo siku ya kwanza.

Je, hukumu iwe kwamba kila ubaya wa farasi watoka kwa bwana asiye na uzoefu? La, hasha. Haki yataka pande zote zisikilizwe. Asubuhi ya tarehe 24 Aprili 2024, mjini London, farasi wa kikosi cha walinzi wa Mfalme walikuwa katika mazoezi ya kila siku, wamepandwa na askari waliofunzwa. Karibu nao mafundi wa ujenzi walikuwa wakimwaga kifusi kutoka juu. Farasi walishtuka, wakawaangusha askari kadhaa, na wengine wakatoroka katikati ya jiji wakigonga magari. Watu na farasi walijeruhiwa. Hapakuwa na mgeni wala mjinga hapo. Hofu ya asili ilishinda mafunzo kwa dakika moja. Lakini lililofuata lafaa kuzingatiwa. Farasi hao hawakuitwa wakorofi. Walitibiwa, wakapelekwa malishoni kupumzika, na baadhi yao walishiriki gwaride la siku ya kuzaliwa ya Mfalme mwezi Juni mwaka huo huo.

Tena wako wazoefu walio wabaya kuliko wageni. Mtu aweza kumpiga farasi kwa miaka 30 na kuiita miaka hiyo elimu. Wako pia wauzaji wasio na haya, ambao humpa farasi mwenye kichaa dawa ya kumtuliza siku ya kuonyeshwa, ili mnunuzi mgeni amdhanie kuwa mpole. Kwa sababu hiyo daktari wa mifugo anayempima farasi kabla ya kuuzwa huko Uingereza huweza kuchukua damu yake na kuihifadhi kwa miezi 6, ili udanganyifu ukigunduliwa pawe na ushahidi. Kumlaumu mnunuzi peke yake katika jambo kama hilo ni kumwachia mwizi mlango wazi.

Kwa hiyo neno la haki ni hili: ugeni si kosa, kwa kuwa kila mjuzi alikuwa mgeni siku moja. Kosa ni ugeni usiotaka mwalimu. Mtu akimnunua farasi anayezidi uwezo wake, akaona aibu kuuliza, na mambo yakiharibika akamtwika mnyama lawama, huyo ndiye amwaribuye farasi. Na anayelipa deni si yeye. Farasi mwenye sifa mbaya huuzwa kwa bei ndogo. Bei ndogo humvuta mgeni mwingine, asiye na fedha ya kumlipa mwalimu. Naye huongeza makosa yake juu ya yale ya kwanza. Mnyama awezaye kuishi miaka 25 au zaidi huishia machinjioni akiwa na miaka 8. Ubaya wote ulioandikwa jina lake, aliufunzwa mmoja mmoja na watu waliosema wanampenda.

Mwenye kutaka kumfuga farasi, popote alipo, na akumbuke mambo haya:

Kwanza, ajifunze kabla ya kununua. Afanye kazi zizini kwa mwaka mzima, katika mvua na jua, aone kama mapenzi yatabaki.

Pili, amnunue farasi ajuaye kuliko yeye. Umri mkubwa si kilema, na sura nzuri haimlindi mtoto.

Tatu, tabia ikibadilika ghafla, amwite daktari wa mifugo kabla ya kushika mjeledi. Atazame meno, mgongo, kwato na tandiko.

Nne, chakula kipimwe kwa kazi. Majani yawe mengi, nafaka iwe kidogo, na farasi apate nafasi ya kutembea pamoja na wenzake.

Tano, awe na mwalimu aliye karibu, tena amlipe pasipo kunung'unika. Ada ya mwalimu ni ndogo kuliko gharama ya mfupa wa mtoto.

Wale wasio na farasi wasidhani kuwa habari hii haiwahusu. Watu hupenda kusema kuwa shukrani ya punda ni mateke, lakini ni wachache waulizao punda huyo alifundishwa shukrani na nani. Katika mji wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na mizigo hubebwa na punda, mwaka 1987 kilifunguliwa kituo cha kuwatibu punda, na kwa miaka mingi yamefanywa mashindano ya kumtuza mwenye punda aliyetunzwa vema kuliko wote. Jambo la hekima ni kwamba tuzo hupewa bwana. Waliolianzisha walifahamu kuwa afya ya punda ni barua inayosomeka, na mwandishi wake ni mtu.

Ndivyo ilivyo kwa mbwa afungwaye mnyororo mfupi nyuma ya nyumba, kisha akawauma watoto wa jirani. Ndivyo ilivyo kwa ng'ombe apigaye teke ndoo kwa sababu chuchu yake ina kidonda kisichotazamwa. Kabla ya kuchukua fimbo, mkuu wa nyumba na ainame, amguse mnyama taratibu kuanzia shingoni mpaka miguuni, akitafuta mahali panapouma. Mara nyingi atapapata.